Duka la babu na warithi wa vizazi vitatu: jibu kwa msomaji wa Mombasa

Msomaji wa Mombasa, mwanamke wa miaka thelathini na minne, ameniletea swali ambalo nalifupisha hapa. Babu yake mzaa baba alitoka Hadhramaut, huko Yemen, akiwa kijana katika miaka ya 1930, akafanya uhamali bandarini, kisha akafungua duka la viungo na nafaka karibu na Marikiti. Alifariki mwaka 1994, na bibi akafuata mwaka 2003. Wana wao watatu waliendelea na duka pamoja. Mabinti wawili waliolewa na hawakupewa kitu. Ami mkubwa, ambaye jina lake ndilo lililo kwenye leseni, alifariki mwaka jana, na hatimiliki ya jengo bado ina jina la babu. Msomaji mwenyewe aliacha ajira ya uhasibu ili amsaidie baba yake. Sasa ndiye anayeagiza mizigo, kuweka hesabu na kufunga duka usiku, bila mshahara, kwa kuwa baba humwambia kwamba mwenye duka halipwi. Binamu walioko Toronto na Jeddah wanataka jengo liuzwe, na kaka yake anasema biashara ya familia haiwezi kuongozwa na mtoto wa kike. Anauliza afanye nini ili duka lifike kizazi cha nne, na kama ni sawa yeye kuendelea.

Dada yangu, umeuliza juu ya kuendesha duka, nami nitafika huko. Lakini nimefanya uhasibu kwa wafanyabiashara wa pwani kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na katika familia nyingi zilizohamia hapa na kuanza na duka moja nimeona kwamba swali la uendeshaji hujibiwa vibaya kwa sababu swali la umiliki halijajibiwa kabisa. Kwa karatasi zilizopo, jengo lenu ni la mtu aliyefariki mwaka 1994, biashara ni ya mtu aliyefariki mwaka jana, na wewe unayefungua mlango asubuhi huna waraka wowote unaoeleza wewe ni nani mahali hapo. Kwa hiyo shauri langu kuu ni moja: gaweni mirathi kwanza, hata ikiwa siku hiyo hakuna atakayeondoka na shilingi mkononi, kisha mlipange duka kama duka.

Usiwalaumu wazee kwa hali hii, kwani utaratibu wao ulikuwa na mantiki yake. Kijana wa Kihadhrami aliyefika na jahazi la kaskazi kwa kawaida alipokewa na mjomba, ami au mtu wa kijiji chake. Alilala dukani, alikula kwa mwenyeji wake, hakulipwa mshahara wa mwezi, na baada ya miaka ya uaminifu alipewa bidhaa kwa mali kauli, yaani achukue sasa na alipe akishauza, ili aanze duka lake mwenyewe. Wengine walianza chini zaidi, kwa uhamali kama babu yako, kwa kuchota maji au kwa kuuza kahawa mitaani. Ndugu walipokezana: mmoja alishika duka pwani, mwingine akarudi kwao kuoa, kujenga na kulea, kisha wakabadilishana. Katika mpango huo kazi, umiliki na malezi vilishikwa na mtu mmoja, mkubwa wa familia, na kijana kutolipwa hakukuwa dhuluma, maana alijua kuwa mwisho wa subira yake ni duka lake.

Ahadi hiyo ndiyo iliyokatika. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na dola ya kisoshalisti iliyojengwa Yemen Kusini baada ya uhuru wa Novemba 1967, viliifanya njia ya kwenda na kurudi kuwa nyembamba, kisha utajiri wa mafuta wa miaka ya 1970 ukawavuta vijana wengi kwenda Jeddah, Abu Dhabi na Dubai. Waliobaki Mombasa walibaki na duka moja lisilozaa maduka mengine. Baba yako anapokwambia kuwa mwenye duka halipwi, anasema kweli kwa mujibu wa mpango aliolelewa nao, ila sehemu ya pili ya mpango huo haipo tena: hupewi mshahara, na wala hakuna duka la pili linalokungoja.

Leseni nayo ina historia yake, na unahitaji kuijua kwa sababu watoto wa ami mkubwa huenda wakaamini, kwa nia njema kabisa, kwamba duka ni la baba yao. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, aliyezaliwa nchini na ambaye mzazi wake mmoja pia alizaliwa nchini alikuwa raia moja kwa moja, ilhali wahamiaji wa kizazi cha kwanza walipewa miaka miwili ya kuomba kusajiliwa. Wako waliosita na wako waliochelewa. Mwaka 1967 ikatungwa sheria ya leseni za biashara iliyowazuia wasio raia kuuza bidhaa fulani na kufanya biashara katika maeneo fulani. Katika familia ambamo baba hakuwa na uraia na mwana alikuwa nao, ilikuwa busara kuandika leseni kwa jina la mwana. Jina la namna hiyo lilikuwa kinga ya biashara, wala halikuwa tendo la kumpa mwana mali. Muulize baba yako, umuulize na ami aliye hai, leseni iliandikwa kwa jina la marehemu lini na kwa nini. Andika majibu yao, wayatie sahihi mbele ya mashahidi, na ufanye hivyo mwezi huu, maana hakuna mtu mwingine atakayeweza kulieleza jambo hilo wakishaondoka.

Sasa tuje kwenye mgawo wenyewe. Nachukulia kuwa babu aliacha mke mmoja, wana watatu na mabinti wawili, kwamba wazazi wake walikuwa wamekwisha kufariki, na kwamba bibi naye hakuacha warithi ila watoto hao watano. Kwa mgawo wa Kiislamu, ambao sheria ya Kenya inautambua kwa marehemu Mwislamu, bibi alistahili thumni, yaani sehemu moja ya nane. Saba ya nane zilizobaki ziligawanyika mafungu manane, kila mwana akiwa na mawili na kila binti moja. Bibi alipofariki, thumni yake ilirudi kwa watoto walewale kwa uwiano uleule. Matokeo ni mepesi kuliko watu wanavyodhani: kila mwana ana robo ya mali ya babu na kila shangazi yako ana thumni, ambayo ina maana kwamba shangazi zako wawili kwa pamoja wanamiliki sawasawa na baba yako. Robo ya ami mkubwa imekwisha kugawanyika tena kwa kifo chake. Ikiwa ameacha, kwa mfano, mjane, wana wawili na mabinti watatu, basi mjane ana sehemu moja katika thelathini na mbili za mali yote, kila binti vivyo hivyo, na kila mwana sehemu mbili.

Katika mfano huo warithi tayari ni kumi. Baba yako, ami yako na shangazi zako si vijana, na wakifariki kabla ya mgawo, idadi itapita ishirini kwa urahisi. Kila mmoja atakuwa na kipande kisichotosha hata nauli ya kuja kukidai, lakini kinachotosha kuzuia jengo lisiuzwe, lisiwekwe rehani, na pengine hata paa lisitengenezwe. Nimeyaona maduka mazuri yakifungwa kwa njia hii, wateja wakiwa bado mlangoni, na kila mara familia iliamini kuwa tatizo lilikuwa ugomvi wa ndugu. Mara nyingi ugomvi ulikuja baadaye. Kilichotangulia ni hesabu iliyoachwa ikajigawanya yenyewe bila mtu kuiandika.

Utaambiwa kwamba shangazi walisamehe. Huenda ni kweli, lakini mtu hawezi kusamehe kitu ambacho hajawahi kuambiwa kiasi chake. Msamaha unaofaa ni ule unaotolewa baada ya mali kuthaminiwa, fungu kutajwa kwa shilingi, na mwenye fungu kuachwa aende nyumbani akafikiri. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu ndilo jambo linaloniumiza zaidi katika kazi hii: nimekaa na familia zinazotoa sadaka kila Ijumaa, zinazosomesha mayatima, na ambazo haziwezi kukumbuka mara ya mwisho dada zao walipoulizwa chochote kuhusu nyumba ya baba yao.

Kuna swali jingine ambalo ni zito kuuliza, nawe itabidi uliulize kwa adabu. Wanaume wengi wa kizazi cha babu yako waliacha mke Hadhramaut kabla ya kusafiri, au waliporudi kutembea. Ikiwa babu alikuwa na mke na watoto huko, hao ni warithi kamili, umbali hauwapunguzii kitu. Wake wangeshirikiana ile thumni moja, na watoto wa pande zote mbili wangehesabiwa pamoja, kwa hiyo mafungu niliyoyataja yangebadilika yote. Ni heri jambo hili lijulikane sasa, kutoka kinywani mwa baba yako, kuliko lijulikane baada ya mahakama kutoa amri na nyinyi kuuza au kujenga.

Mkishajua warithi ni nani, tenganisheni jengo na biashara. Mnaviita vyote viwili duka, lakini ni mali mbili zenye tabia tofauti. Jengo lilipata thamani kwa sababu mji umekua na kiwanja kiko mahali pazuri. Biashara ilipata thamani, kama inayo, kwa jasho la waliokaa humo. Binamu zako wa Toronto wanapodai liuzwe, wanatazama jengo. Baba yako anapokasirika, anatetea biashara. Na kwa kuwa hakuna aliyetaja ni kipi kati ya viwili, kila upande unamwona mwenzake kuwa hana huruma. Leta mthamini aliyesajiliwa alithamini jengo na akutajie pia kodi ambayo mpangaji wa kawaida angelipa kwa nafasi hiyo. Kisha chukua hesabu zako za miaka mitatu, utoe kodi hiyo, utoe na mshahara ambao ungemlipa mtu mwingine kwa kazi unayoifanya wewe, uone kinachobaki.

Hesabu hiyo inaogofya, na wewe uliyesomea uhasibu unajua kwa nini. Maduka mengi ya familia yanayosemekana kuwa na faida yana faida kwa sababu mbili tu: hayalipi kodi ya jengo na hayalipi ndugu wanaofanya kazi. Duka la namna hiyo linaishi kwa fungu la shangazi zako na kwa ujana wako. Ukikuta kwamba baada ya kodi na mshahara bado kuna faida, hata ndogo, basi unayo biashara inayostahili kupiganiwa. Ukikuta hasara, usikate tamaa papo hapo, kwa kuwa huenda duka linahitaji nusu tu ya nafasi linayokalia na nusu nyingine ikapangishwa. Lakini lazima wenye mali wote waione hasara hiyo kwa maandishi, ili wanaotaka kuibeba kwa mapenzi ya jina la babu wajue wanabeba kiasi gani.

Mshahara wako uanze mara moja, bila kusubiri mirathi kumalizika. Mgawo wa mirathi haufuati jasho: wewe uliyekesha dukani na kaka yako asiyejua bei ya iliki mtarithi kutoka kwa baba yenu kwa kanuni ileile, tena fungu lake litakuwa mara mbili ya lako. Silalamikii kanuni hiyo, bali nakutaka uelewe kwamba malipo ya kazi yana mlango wake, nao ni mkataba wa kazi. Iwapo kazi haikulipwa na haikuandikwa, mahakama itapata shida kukupa chochote kwa ajili yake. Kwa miaka iliyopita, mwombe baba yako na ami yako waeleze kwa maandishi ni kiasi gani wanakiri kuwa duka linadaiwa na wewe. Deni la marehemu hulipwa kabla ya kurithi, lakini ni lazima liwe deni linalojulikana.

Baba yako anaweza pia kukupa zawadi akiwa hai na mwenye afya, na hiba ya namna hiyo hukamilika anapokukabidhi kitu chenyewe, si kwa kusema tu kwamba kitakuwa chako. Wasia ni njia nyembamba zaidi, kwani hauvuki thuluthi ya mali, na kwa mrithi haupiti bila ridhaa ya warithi wenzake. Kwa hiyo ahadi ya kwamba "nimekuandikia duka" isikulaze usingizi mnono.

Kuhusu wanaotaka kuondoka, fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, ina njia nzuri ambayo familia nyingi huisahau, nayo ni takharuji: mrithi anakubali kulipwa kiasi kinachojulikana na kutoka katika mali, na wanaobaki wanagawana fungu lake. Binamu wa Toronto asilazimishwe kumiliki sehemu moja katika thelathini na mbili ya duka la viungo asiloliona. Alipwe thamani yake, kwa awamu ikiwa fedha hazipo, kwa tarehe zilizoandikwa na jengo likiwa dhamana. Si kweli kwamba anayetaka kuuza hana upendo. Mara nyingi ana watoto wa kusomesha katika nchi ya ugeni, kama babu yenu alivyokuwa na watoto wake wa kuwalisha hapa.

Kwa wanaobaki, fungueni kampuni mbili, moja ya kumiliki jengo na nyingine ya kuendesha biashara, na ya pili iwe mpangaji wa ya kwanza. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015 inataka kampuni ya binafsi isizidi wanachama hamsini na iweke mipaka katika uhamishaji wa hisa, na hiyo mipaka ndiyo mnayoihitaji. Andikeni katika katiba ya kampuni kwamba anayetaka kuuza hisa zake azitoe kwanza kwa wanafamilia wenzake, kwamba bei itatokana na uthamini wa mtu wa nje, na kwamba mnunuzi ana muda fulani wa kulipa. Vifo vitaendelea, na hisa zitaendelea kugawanywa kwa faraidhi, yaani kwa mafungu ya mirathi ya Kiislamu, lakini kitakachogawanyika ni hisa. Rafu, ghala na daftari la wadeni vitabaki mahali pamoja chini ya msimamizi mmoja.

Hapa kuna mtego ambao nimeuona ukiwanasa watu makini. Ibara ya 65 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema kuwa asiye raia anaweza kuwa na ardhi kwa ukodishaji tu, usiozidi miaka 99, na kwamba kampuni huhesabiwa kuwa raia pale tu inapomilikiwa yote na raia. Amana, yaani mali inayoshikwa na mtu kwa manufaa ya wengine, nazo huhesabiwa hivyohivyo, kwa kutazama wanaonufaika. Ina maana kwamba hisa moja tu ya binamu ambaye ana pasipoti ya Kanada pekee inaweza kuibadilisha hali ya kampuni nzima ya jengo, na ikiwa kiwanja chenu ni cha milki huru, isiyo na kikomo cha miaka, milki hiyo itahesabiwa kuwa ya miaka 99. Habari njema ni kwamba Katiba hiyohiyo inamruhusu raia wa kuzaliwa kuwa na uraia wa nchi nyingine, na aliyeupoteza zamani kwa kuchukua uraia wa kigeni ana haki ya kuurudisha kwa kuomba. Kwa hiyo kabla hamjaandika jina la mtu yeyote kwenye kampuni ya jengo, kila aliye nje alete uthibitisho wa uraia wake. Anayeweza kuurudisha aurudishe, na asiyeweza atoke kwa takharuji au awe mwanahisa wa kampuni ya biashara peke yake, ambayo haimiliki ardhi.

Baadhi ya wazee watapendekeza wakfu wa familia, yaani mali kufungwa na mapato yake kuwanufaisha wanafamilia, ili jengo lisiuzwe milele. Wapwani wana historia ndefu na jambo hili: mahakama za kikoloni, hadi Baraza la Mfalme huko London, zilikataa kuutambua wakfu ambao maskini wangenufaika nao baada ya uzao wote wa mwenye wakfu kumalizika tu, na ilihitajika sheria ya wakfu ya mwaka 1951 ili wakfu wa familia upate nafasi yake Kenya. Ni taasisi ninayoiheshimu. Hata hivyo, kwa hali yenu sishauri, kwa sababu kila mrithi hutoa wakfu fungu lake mwenyewe tu, kwa hiyo mngehitaji ridhaa ya wote, na kwa sababu mali ya wakfu haiuzwi wala haiwekwi rehani, ilhali mtahitaji kukopa ili muwalipe wanaotoka.

Mifano ya familia zilizopita njia hii haiko mbali. Allidina Visram alitoka Kutch akiwa mvulana, akasambaza maduka kutoka pwani hadi Uganda, akafariki mwaka 1916. Shule ya sekondari inayobeba jina lake ingali Mombasa, lakini biashara haikuishi miaka mingi baada yake, kwani ilisimama juu ya uamuzi na sifa ya mtu mmoja. Ukoo wa Karimjee, ulioanza biashara Zanzibar mwaka 1825, ulipita njia tofauti: mwaka 1861 Karimjee Jivanjee alijitenga na nduguze na kuanzisha kampuni yake, na warithi wake baadaye wakaingia katika mkonge, kisha katika magari. Watu huutaja ukoo huo kama mfano wa umoja, nami naona kwamba kutengana kwa wakati kulikuwa sehemu ya uhai wake. Na hapo mjini kwenu, Biashara Street, familia ya Kaderdina Hajee Essak imekuwa ikiuza leso tangu mwaka 1887, na alama yake ya "Mali ya Abdulla" inajulikana na wanawake ambao hawajawahi kufika Mombasa. Kama pakiti zenu za pilau masala zina jina la babu, jina hilo ni mali, pengine mali kubwa kuliko rafu zote. Lisajiliwe kama alama ya biashara kwa jina la kampuni, lisije likasajiliwa na mmoja wa wajukuu kwa jina lake.

Kwa kaka yako nina maneno machache. Sheria ya dini imempa mwanamke umiliki wake na uwezo wa kufanya biashara nao, na hakuna fungu la mirathi linaloitwa uongozi. Anayeendesha duka huteuliwa na wenye mali, kwa barua, kwa muda, na kwa masharti ya kutoa hesabu. Ikiwa kaka yako anaitaka kazi hiyo, aombe, aeleze atafanya nini, na wenye mali, shangazi zako wakiwemo, wachague. Ninachokusihi ni kwamba usikubali kuifanya kazi yote huku cheo kikishikwa na mwingine, kwa kuwa mpango huo huvunjika siku ya kwanza ya hasara na lawama huwa zako.

Nimebakiwa na uendeshaji wenyewe, ambao kwa kweli unauweza kuliko mimi. Namba ya kupokelea malipo ya M-Pesa iwe ya kampuni, isiwe ya mtu, hata kama mtu huyo ni baba. Madeni ya wateja yaliyo kichwani mwa ami yaandikwe akiwa hai. Muhimu kuliko yote ni wauzaji wa jumla: uhusiano wa karafuu, mdalasini na bizari bado ni wa mtu kwa mtu, wa simu na wa kuaminiana, na unaweza kupotea kwa msiba mmoja. Fuatana na ami yako kwa kila mmoja wao, akutambulishe kwa kinywa chake kuwa wewe ndiye wa kuzungumza naye, na oda ya kwanza uitoe wewe mbele yake. Kizazi cha nne kisilelewe kwa kuambiwa kwamba duka ni lao. Wafanye kazi kwanza kwa watu wengine, wazoee kuamrishwa na mtu asiye shangazi yao, kisha anayetaka aje kuomba nafasi yenye mshahara.

Je, ni sawa wewe kuendelea? Ni sawa, kwa masharti ambayo unaweza kuyapima ndani ya mwaka mmoja: ombi la mirathi liwe limefikishwa kwa kadhi, uwe na barua ya uteuzi na mshahara, na duka liwe linalipa kodi ya jengo, hata kwa kuanzia na nusu ya kodi ya soko. Yakikataliwa yote matatu, rudi kwenye ajira yako. Fungu la baba yako halipungui kwa wewe kuondoka dukani, na miaka yako ya kati ya thelathini na arubaini hairithiwi na mtu. Yakikubaliwa hata mawili, baki na upiganie la tatu. Lakini kabla ya wakili na kabla ya kadhi, nenda nyumbani kwa shangazi zako wote wawili, pamoja na baba yako akikubali, ukiwa na hati ya uthamini na karatasi ya mgawo, uwaonyeshe thumni zao kwa shilingi na uwasikilize wanataka nini.